Habari za Sir John Vaughan, Jaji wa Kiwelsh

Nchi ya Wales iko upande wa magharibi wa Uingereza, nayo ni nchi ya vilima na mvua nyingi, yenye lugha yake mwenyewe iliyo mbali kabisa na Kiingereza. Kando ya mto Ystwyth, katika wilaya ya Cardigan, iko nyumba iitwayo Trawsgoed. Hapo ndipo alipozaliwa John Vaughan, tarehe 13 Septemba mwaka wa 1603, mwaka uleule aliokufa Malkia Elizabeti wa Kwanza. Baba yake alikuwa Edward Vaughan, na mama yake alikuwa binti wa ukoo wa Stedman. Jina la Vaughan limetokana na neno la Kiwelsh Fychan, maana yake ni mdogo. Waingereza waliliandika kwa namna yao, kama walivyofanya kwa majina mengi ya watu wale. Ukoo huu ulikuwa wa watu wenye heshima katika wilaya yao, lakini nje ya wilaya hiyo haukujulikana sana.

Twawaandikia habari za mtu huyu, ndugu wasomaji, si kwa kuwa alikuwa mtakatifu. Hakuwa hivyo, nasi tutaona kwamba waliomfahamu sana walikuwa na mengi ya kusema juu ya kiburi chake. Twawaandikia kwa sababu siku moja aliletewa shauri la watu waliotiwa gerezani kwa kuwa walikataa kunena kinyume cha dhamiri zao baada ya kuapa, na hukumu aliyoitoa katika shauri hilo imedumu zaidi ya miaka mia tatu.

Kijana John alipelekwa kusoma Worcester, kisha Oxford katika chuo cha Christ Church. Mwaka wa 1621 aliingia Inner Temple huko London, nayo ni moja ya zile nyumba ambamo wanasheria wa Uingereza hufundishwa kazi yao. Lakini kwa miaka mingi hakuipenda sana kazi yenyewe. Alipenda mashairi, akapenda hesabu, na vitabu vya sheria akaviacha vikae. Yamkini angalirudi kwao Wales akawa bwana wa mashamba tu, asiyekumbukwa na mtu, kama asingalikutana na John Selden.

Selden huyu alikuwa mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa Uingereza wa siku zile. Alijua Kiebrania na lugha nyingine za mashariki, tena aliandika kitabu juu ya historia ya zaka, kilichowaudhi maaskofu hata akaitwa mbele yao kujieleza. Mwaka wa 1629 mfalme Charles wa Kwanza alimtia kifungoni kwa sababu ya mambo ya Bunge. Kwake yeye sheria haikuwa hila za kushinda daawa. Ilikuwa elimu yenye mizizi mirefu, ya kuchunguzwa kwa bidii kama vile mtu achunguzavyo Maandiko katika lugha zake za asili. Yeye ndiye aliyemvuta Vaughan na kumrudisha kwenye vitabu vya sheria. Mwaka wa 1630 Vaughan alipewa ruhusa ya kusema mbele ya mahakama, akawa wakili mwenye sifa. Urafiki wa watu hawa wawili haukuvunjika mpaka kifo. Mwaka wa 1653 Selden alitoa kitabu cha kukitetea kitabu chake juu ya haki za bahari, akakiandika kwa heshima ya Vaughan. Alipofariki mwaka wa 1654 Vaughan alikuwa mmoja wa wasimamizi wa wosia wake, na kwa mikono ya wasimamizi hao maelfu ya vitabu vya Selden yalikwenda katika maktaba ya Bodley huko Oxford, ambako yangaliko.

Vaughan aliingia Bunge mara ya kwanza mwaka wa 1628, akiwa mjumbe wa mji wa Cardigan, naye hajatimiza miaka ishirini na mitano. Hilo lilikuwa Bunge lililomtaka mfalme akubali kwamba mtu asifungwe bila sababu iliyotajwa, wala asitozwe kodi bila idhini ya Bunge. Kisha mfalme akatawala miaka kumi na mmoja bila Bunge lo lote. Alipoliita tena mwaka wa 1640, Vaughan alichaguliwa tena. Lakini vita vilipozuka mwaka wa 1642 kati ya mfalme na Bunge, yeye alirudi Wales. Moyo wake ulikuwa upande wa mfalme, ila hakuwa mtu wa kupigana, na adui zake walinong'ona kwamba anatazama kwanza upepo unavuma upande gani. Mwaka wa 1645 Bunge lilimfukuza katika kiti chake kwa kuwa hakuhudhuria.

Mfalme alikatwa kichwa mwaka wa 1649. Miaka yote ambayo nchi ilikuwa haina mfalme, Vaughan alikaa kwake Trawsgoed. Hakurudi mahakamani kuomba kazi kwa watawala wapya, ingawa wakili wa sifa yake angaliweza kupata mali nyingi. Walakini tusimwonee huruma kupita kiasi, maana hakuwa maskini. Alikuwa amenunua kwa Earl wa Essex mashamba mengi yaliyokuwa zamani ya watawa wa Strata Florida, wale ambao mfalme Henry wa Nane aliwaondoa katika nyumba yao, na kwa ununuzi huo ukoo wa Trawsgoed ukawa katika koo zilizo na ardhi nyingi kupita zote wilayani.

Mwaka wa 1660 ufalme ulirudi. Charles wa Pili akaketi katika kiti cha baba yake, na mtu mkubwa katika serikali yake alikuwa Edward Hyde, Earl wa Clarendon, Mkuu wa Sheria wa ufalme. Clarendon na Vaughan walijuana tangu ujana, walipokuwa wote wawili wanafunzi wa sheria mjini London na marafiki wa Selden. Basi Clarendon akamkumbuka rafiki yake wa zamani, akamtaka akubali kazi ya ujaji. Vaughan akakataa. Udhuru wake ulikuwa kwamba ameiacha kazi ya sheria siku nyingi mno. Badala yake aliingia tena Bunge mwaka wa 1661, akiiwakilisha wilaya ya Cardigan, na upesi akawa mmoja wa wanenaji waliosikilizwa kuliko wengine. Mwaka wa 1664, mawaziri wa mfalme walipotaka kuifuta sheria ya zamani iliyoamuru Bunge liitwe kila baada ya miaka mitatu, Vaughan alisimama akaipinga shauri yao kwa nguvu. Hakushinda, lakini tangu siku hiyo watu walijua kwamba huyu ni mfuasi wa mfalme ambaye hatakubali kila jambo la mfalme.

Sasa tumefika mahali ambapo ni vigumu kumsifu. Mwaka wa 1667 mambo ya nchi yalikuwa mabaya. Tauni ilikuwa imeua watu wengi mno London mwaka wa 1665, moto ulikuwa umeuteketeza mji mwaka wa 1666, na Waholanzi walikuwa wameingia katika mto Medway wakachoma moto manowari za Kiingereza. Watu walitafuta wa kubebeshwa lawama, wakamwona Clarendon. Mfalme alimwondoa katika kazi yake, na Bunge likataka ashtakiwe kwa uhaini. Miongoni mwa walioongoza mashtaka hayo alikuwapo John Vaughan. Mashtaka yenyewe yalikuwa hafifu kiasi kwamba baraza la mabwana lilikataa kumtia Clarendon kifungoni kwa maneno ya jumla tu, lakini mzee yule aliona hatari, akakimbilia Ufaransa mwezi wa Novemba, na kwa sheria ya Bunge akapigwa marufuku kurudi. Huko ugenini aliandika habari za maisha yake, akaeleza pia tabia ya rafiki zake wa ujanani. Juu ya Vaughan aliandika kwamba alikuwa na akili nyingi na elimu ya kweli, lakini mwenye majivuno, mgumu wa kupendwa, na mwenye kujiona bora kuliko watu aliokaa nao. Bila shaka aliyeandika maneno hayo alikuwa amejeruhiwa. Hata hivyo wengine ambao Vaughan hakuwatendea neno walisema karibu yaleyale.

Miezi michache baada ya Clarendon kukimbia, mwezi wa Mei 1668, mfalme alimfanya Vaughan kuwa Sir, akampa kazi ya Jaji Mkuu wa mahakama ya Common Pleas. Mahakama hiyo ilikuwa mojawapo ya mahakama kubwa za Westminster, na kazi yake hasa ilikuwa kuamua madai ya raia kwa raia. Mtu aliyesema mwaka wa 1660 kwamba amesahau sheria alikubali sasa, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Msomaji na aamue mwenyewe alivyobadilika. Sisi twaona tu kwamba cheo hiki kilikuwa kikubwa kuliko kile cha kwanza.

Inafaa sasa kueleza desturi ya mahakama za Kiingereza, maana bila hiyo habari hii haitafahamika. Mtu akishtakiwa kwa kosa kubwa, hukumu ya kwamba ana hatia au hana haitolewi na jaji. Hutolewa na watu kumi na wawili, raia wa kawaida, wafanya biashara na mafundi, ambao huapishwa kwa Mungu kusema kweli kwa kadiri ya ushahidi. Watu hao huitwa juri. Si kama wazee wa baraza tuliowazoea sisi, ambao hutoa maoni yao na jaji aweza kuyakataa. Jaji huwaeleza wale kumi na wawili sheria ilivyo, nao hujifungia peke yao, kisha hurudi na neno lao. Lakini siku zile swali moja lilikuwa halijajibiwa sawasawa: je, neno lao lisipompendeza jaji, aweza kuwaadhibu? Baadhi ya majaji walifanya hivyo. John Kelyng, Jaji Mkuu wa King's Bench, aliwatoza faini watu wa juri hata akaitwa mbele ya Bunge mwezi wa Desemba 1667, na Bunge likatamka kwamba jambo hilo ni kinyume cha sheria. Walakini tamko lile halikuwa sheria kamili, na majaji wengine hawakulijali.

Mwaka wa 1670 Bunge lilitoa sheria kali ya kukataza ibada nje ya kanisa la serikali, wakikutanika watu wazima watano au zaidi wasio wa nyumba moja. Waliopatwa kuliko wote ni Quaker, wajiitao Marafiki, kwa kuwa hawakujificha. Hao ndio Marafiki waliofika Kaimosi katika Kenya mwaka wa 1902 na kuanzisha kanisa ambalo ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya wanalijua vizuri. Siku ya Jumapili, tarehe 14 Agosti 1670, Marafiki wa London waliikuta nyumba yao ya ibada katika mtaa wa Gracechurch imefungwa na askari wamesimama mlangoni. Wakasimama barabarani. Kijana mmoja wa miaka ishirini na mitano, William Penn, mwana wa amiri jeshi wa manowari, akaanza kuhubiri. Akakamatwa pamoja na mfanya biashara wa nguo, William Mead. Hawakushtakiwa kwa sheria ile mpya, bali kwa kukusanya watu kwa fujo na kuvunja amani.

Kesi ilisikilizwa Old Bailey mwanzo wa Septemba. Waliokaa kitini walikuwa Sir Samuel Starling, mkuu wa mji wa London, na John Howell, mwanasheria wa mji. Mambo yalianza vibaya tangu mlangoni. Marafiki hawakuwa na desturi ya kuvua kofia kwa kumheshimu mtu, na askari mmoja alikuwa amewavua. Basi wakubwa wale wakaamuru kofia zirudishwe vichwani mwao, kisha wakawatoza faini kwa kuwa wamevaa kofia mbele ya mahakama! Mashahidi walisema kwamba walimwona Penn akinena na watu wengi, lakini kwa ajili ya kelele hawakusikia alichosema. Hata tarehe iliyoandikwa katika mashtaka haikuwa sahihi. Iliandikwa 15 Agosti. Penn aliuliza ni sheria gani aliyoivunja. Howell akamjibu kwamba ni sheria ya desturi ya nchi, wala asiweze kumwonyesha imeandikwa wapi. Penn alipozidi kuuliza akatolewa, akafungiwa katika kizuizi pembeni mwa ukumbi, na maneno ya mwisho kwa juri yakasemwa naye hayupo karibu.

Juri walikwenda kushauriana. Wanane walikuwa tayari kuwaona na hatia, na wanne walikataa. Aliyeonekana kuwa kiongozi wa wale wanne ni Edward Bushell. Starling alimkemea mbele ya watu wote, akamwita mchochezi. Wakarudishwa ndani. Mara ya pili walileta neno moja, nalo lilikuwa la ajabu: Penn ana hatia ya kunena katika mtaa wa Gracechurch. Kunena si kosa. Wakubwa walijaribu kwa kila njia kuwafanya waongeze maneno ya fujo na ya mkutano haramu, nao hawakuyaongeza. Ndipo wakafungiwa usiku ule wa Jumamosi, bila chakula, bila maji, bila moto, bila tumbaku, na bila hata chombo cha haja.

Jumapili asubuhi waliletwa. Neno lilikuwa lilelile. Starling akatishia kumkata Bushell pua. Howell naye akasema kwamba sasa anaelewa kwa nini Wahispania wana baraza lao la kuhukumu wazushi, na kwamba Uingereza haitakaa vizuri mpaka iwe na kitu cha namna hiyo. Hebu fikirini, katika nchi ya Kiprotestanti, mwanasheria wa mji mkuu kusema maneno hayo waziwazi! Wakarudishwa tena kufungiwa, na usiku wa pili ukapita kama wa kwanza. Walikuwa watu wa kawaida, wenye maduka na wake na watoto, wala hawakuwa Quaker. Hakuna aliyewaahidi kitu. Mmoja wao angaliweza kusema kwamba amechoka na kwamba mambo ya dini ya wengine hayamhusu. Lakini wale wanane waliotofautiana nao mwanzo nao wakasimama pamoja na wale wanne, na Jumatatu tarehe 5 Septemba wote kumi na wawili walitamka kwamba Penn hana hatia, na Mead hana hatia. Howell akaagiza waulizwe mmoja mmoja. Wakajibu mmoja mmoja.

Ndipo kila mmoja wao akatozwa faini ya marki arobaini, yaani pauni ishirini na sita, shilingi kumi na tatu na peni nne, akae gerezani mpaka alipe. Hizo zilikuwa fedha nyingi kwa mwenye duka. Penn na Mead nao, ingawa wameshinda kesi, walipelekwa gereza la Newgate kwa ajili ya faini za kofia. Baba yake Penn, aliyekuwa mgonjwa wa kufa, alihakikisha faini ya mwanawe imelipwa, na mwezi uleule akafariki. Wengine wa juri walilipa. Bushell na wenziwe watatu wakakataa kulipa hata senti, wakabaki Newgate, nao wakaomba hati ya habeas corpus. Maneno haya ni ya Kilatini. Ndiyo hati inayomwamuru mkuu wa gereza amlete mfungwa mbele ya majaji na kueleza amefungwa kwa sababu gani. Hati hiyo waliiomba katika mahakama ya Common Pleas, na kwa njia hiyo shauri lao likafika mbele ya Sir John Vaughan.

Hapa lazima tuseme kweli. Vaughan hakukimbilia kuwasaidia. Mwanzoni aliona shaka kama mahakama yake, iliyo ya madai, ina haki kabisa ya kushughulika na mtu aliyefungwa kwa jambo la jinai. Majaji wenzake hawakukubaliana naye katika hilo, na mwezi wa Novemba wafungwa wakaachiliwa kwa dhamana. Lakini alipokwisha kushindwa katika jambo hilo la utaratibu, akalichukua shauri lenyewe, akalishughulikia kama Selden alivyomfundisha, yaani kwa kuanza chini kabisa, akiuliza juri ni kitu gani na kazi yake ni nini.

Sababu iliyoandikwa ya kufungwa kwao ilikuwa kwamba wamewaachilia washtakiwa kinyume cha ushahidi ulio wazi na kinyume cha maelekezo ya mahakama katika sheria. Vaughan alionyesha kwanza kwamba maneno hayo ni ya jumla mno. Ushahidi gani? Ulikuwa wazi kwa nani? Jaji anayepima kufungwa kwa mtu lazima ajionee mwenyewe sababu, wala haitoshi aambiwe kwamba mwenziwe aliiona. Kisha akatoa hoja ambayo kila fundi na mkulima aweza kuielewa. Watu wawili husikia maneno yaleyale na kufikia mawazo mbalimbali, wote wawili kwa uaminifu. Majaji wenyewe hufanya hivyo kila siku, wala hakuna anayemtia mwenziwe gerezani. Kama vile mtu asivyoweza kuona kwa jicho la mwingine wala kusikia kwa sikio la mwingine, vivyo hivyo hawezi kuamua kwa akili ya mwingine. Mtu aliyeapishwa ameapa kusema lile aliloliona yeye kuwa kweli. Akisema lile aliloambiwa na jaji, huku moyoni mwake aona sivyo, amevunja kiapo chake, hata kama jaji alikuwa na haki.

Tena, alisema, ikiwa jaji aweza kuwaambia ni neno gani walete na kuwaadhibu wasipolileta, kuna faida gani ya kuwaita? Taabu yote ya kuchagua watu kumi na wawili, na kuwaapisha, na kumruhusu mshtakiwa kuwakataa wale asiowaamini, ingekuwa mchezo mtupu. Kwa desturi ya zamani juri walichaguliwa katika mtaa lilikotokea jambo, kwa sababu wao huenda wakajua habari za mahali pale na za mashahidi ambazo jaji hazijui. Basi jaji atajuaje kwamba wamekwenda kinyume cha ushahidi, iwapo hajui yote wanayoyajua? Hoja hii ya mwisho ilikuwa inaanza kuchakaa hata siku zile, maana juri walizidi kutegemea yale tu yaliyosemwa mahakamani, na wanasheria waliokuja baadaye wameicheka kidogo. Lakini ile hoja ya jicho na sikio haikuchakaa.

Bushell na wenziwe wakawekwa huru. Karibu majaji wote wa mahakama kubwa walioulizwa walikubaliana na hukumu hii, na tangu siku hiyo haikuwa halali tena katika Uingereza kumwadhibu mtu wa juri kwa sababu ya neno alilolitoa. Kanuni hiyo ilivuka bahari pamoja na sheria za Kiingereza. William Penn mwenyewe alipewa nchi huko Amerika mwaka wa 1681, nayo ikaitwa Pennsylvania, akaipa sheria za kuruhusu watu waabudu kwa amani.

Wale waliotesa hawakupatwa na neno. Mmoja wa wale wanne, John Hammond, alimshtaki Howell adai malipo kwa kufungwa bure. Akashindwa. Majaji walisema kwamba Howell alikosea, lakini jaji akikosea katika kazi yake ya ujaji hawezi kushtakiwa kwa kosa hilo.

Hukumu nyingine za Vaughan tutazitaja kwa ufupi tu, ingawa mbili zawahusu watu wa kanisa na watu wa Wales. Mtu mmoja, Harrison, alikuwa ameoa mjane wa kaka ya babu yake, na mahakama ya kanisa ikataka kuivunja ndoa hiyo. Vaughan alizichunguza zile daraja za jamaa zilizokatazwa katika kitabu cha Mambo ya Walawi, akaona kwamba ndoa hiyo haimo katika makatazo, akaizuia mahakama ya kanisa isiwasumbue. Katika jambo la pili aliandika kwa kirefu juu ya hati za mahakama za Westminster, akakana kwamba zina nguvu ndani ya Wales, kwa kuwa Wales ilipewa mahakama zake yenyewe wakati wa mfalme Henry wa Nane. Majaji waliomfuata hawakumkubalia, wala hoja yake haikushinda. Lakini ukisoma kurasa zile waona kwamba mtu huyu, aliyekaa London nusu ya maisha yake na kuvaa joho la jaji wa Kiingereza, alikuwa hajasahau alikozaliwa.

Sir John Vaughan alifariki London tarehe 10 Desemba 1674, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Mwezi uleule wa Desemba, katika mji wa Rouen nchini Ufaransa, Clarendon naye alifariki, akiwa bado amekatazwa kurudi kwao. Vaughan alizikwa katika kanisa la Temple, karibu na kaburi la Selden. Mwanawe Edward alikusanya hukumu zake, akazitoa katika kitabu mwaka wa 1677, na shauri la Bushell limo humo.